Kwa mdogo wangu, kuhusu mikono ya Musa

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti wa Jumanne nimeusikiliza mara nne. Nyuma yako nasikia kuku, nasikia redio ya jirani, nasikia mama akikohoa. Kisha unasema, "Kaka, imani imeniishia," na ujumbe unakatika. Sikukujibu. Nilianza kuandika "Mungu yupo, jipe moyo," nikafuta. Maneno hayo umeshaletewa na wageni wa kutosha. Walikunywa chai yako, wakaomba, wakaondoka wamekuachia shaka kwamba huenda mama hainuki kitandani kwa sababu ya imani yako haba.

Nakuandikia hapa hadharani kwa kuwa najua si wewe peke yako unayemgeuza mzazi kitandani usiku huu. Na pia kuna jambo langu ambalo nikikuambia faraghani nitalipunguza makali.

Mzee ninayemhudumia hapa London unamjua kwa picha tu. Ni Myahudi, fundi suti mstaafu, ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Mikono iliyokuwa ikipitisha uzi kwenye tundu la sindano leo haiwezi kufunga kifungo. Kila Alhamisi usiku, akishamaliza supu, ananiagiza kitabu. Torati, vile vitabu vitano vya Musa, Wayahudi wameigawa mafungu 54, na kila wiki ina fungu lake, parasha, linalosomwa sinagogi asubuhi ya Sabato. Wiki nyingine huunganisha mawili ili mwaka utoshe. Wakimaliza Kumbukumbu la Torati, siku hiyohiyo wanaanza tena "Hapo mwanzo". Na ipo desturi ya zamani kwamba mtu alipitie fungu la wiki yeye mwenyewe, mara mbili kwa Kiebrania na mara moja kwa tafsiri. Kiebrania anasoma yeye, mimi namfunulia kurasa. Tafsiri namsomea mimi, kwa Kiingereza changu cha Muheza, naye ananikatiza kila mstari wa tatu ili abishane na kitabu. Mwanzoni nilishtuka. Sisi tumelelewa kwamba Neno likisomwa unainamisha kichwa.

Wiki hii fungu lilikuwa Beshalach, kitabu cha Kutoka, sura ya 13 hadi ya 17: Bahari ya Shamu, mana, maji ya mwambani, vita na Amaleki. Visa vyote hivyo unavijua toka shule ya Jumapili. Ila tulifundishwa kimoja kimoja, kila kimoja na picha yake ya kupaka rangi, hatukuwahi kuvisoma kwa mkupuo.

Waisraeli wanavuka bahari, Wamisri wanazama, na sura ya 14 inaishia kwa kusema watu wakamwamini Bwana, na Musa mtumishi wake. Wanaimba. Miriamu anashika tari. Geuza ukurasa: siku tatu jangwani bila maji, wanafika Mara, maji ni machungu, na watu walewale wananung'unika. Mzee alininyooshea vidole vitatu vinavyotetemeka, "Siku tatu!", akacheka mpaka nikamletea maji. Bahari ilipasuka mbele ya macho yao, na imani yao haikufika wiki. Wewe umemuuguza mama miezi kumi na minne tangu apate kiharusi, na hakuna bahari iliyokupasukia.

Kwenye mana ndipo mzee hukaa sana. Jina lenyewe ni swali. Watu waliamka wakakuta kitu juu ya ardhi, chembe nyeupe kama mbegu za giligilani, wakaulizana "man hu?", nini hiki? Kila kichwa pishi moja. Aliyeokota kingi hakikumzidi, aliyeokota kidogo hakikumpungukia, na aliyeficha cha kesho asubuhi alikuta funza na harufu. Siku ya sita kilishuka maradufu, na cha siku hiyo hakikuoza. Ndiyo maana Ijumaa jioni mezani kwa mzee huwekwa mikate miwili, ile ya kusukwa kama nywele iitwayo challah, chini kitambaa na juu kitambaa, kwa kuwa wahenga wao walisema mana ililala katikati ya umande na umande. Kufunika ni kazi yangu. Kitambaa cha juu alikidarizi marehemu mkewe, na pembe moja ina doa la divai ambalo nimekatazwa kulifua.

Sasa, katika Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi, walimu wao wa kale, kuna Rabi Eliezeri aliyesema kwamba mwenye mkate kikapuni mwake akauliza "kesho nitakula nini?" ni miongoni mwa wenye imani haba. Nilipolisikia hilo niliweka kitabu chini. Nilikuona umekaa kwenye kigoda unahesabu vidonge vya presha vilivyobaki, vya mama siku sita, na mwisho wa mwezi bado siku kumi. Nikamwambia mzee kwamba rabi huyu hakuwahi kununua pampasi za mtu mzima.

Hakukasirika. Akaniambia nisubiri, yupo mwingine. Wanafunzi wa Rabi Shimoni bar Yochai walimuuliza mwalimu wao kwa nini mana haikushuka mara moja tu kwa mwaka, mambo yakaisha. Akawapa mfano wa mfalme aliyekuwa akimpa mwanawe posho ya mwaka mzima kwa mpigo, na mtoto akawa anakuja kumwona baba mara moja kwa mwaka. Mfalme akabadili, posho ikawa ya kila siku, na mtoto naye akawa anakuja kila siku. Ndivyo ilivyokuwa, akasema, kwa mwenye watoto wanne au watano kule jangwani: alikaa na wasiwasi kwamba pengine kesho isishuke, wote wafe njaa, na kwa hiyo wote wakaelekeza mioyo yao juu. Nilimwomba mzee anirudie hapo. Wasiwasi wa jioni haukuhesabiwa dhambi. Ndio uliowasukuma kuomba. Rabi hawa wawili wamo katika Talmudi ileile, na hakuna aliyefuta maneno ya mwenzake. Mimi nimejichagulia wangu.

(Jana kabla ya jua kuzama tulimwaga makombo ya mkate bustanini. Ni desturi ya baadhi yao wiki ya fungu hili. Wanasimulia kwamba Dathani na Abiramu, wapinzani wa Musa, walitandaza mana nje usiku wa Sabato ili Musa, aliyesema haitashuka, aonekane mwongo, nao ndege wakaimaliza kabla watu hawajaamka. Mzee anasema kisa hicho yeye hakiamini, lakini deni ni deni.)

Mwisho wa fungu ni Refidimu. Amaleki anashambulia, Yoshua anateremka vitani, Musa anapanda kilimani na Haruni na Huri. Akiinua mikono, Israeli wanashinda; ikishuka, Amaleki anashinda. Mikono ikawa mizito. Wakaleta jiwe akalikalia, mmoja akamshika mkono upande huu na mwingine upande ule. Na hapo Kiebrania kinasema mikono yake ilikuwa emunah mpaka jua likachwa. Tafsiri nyingi husema ilikuwa imara. Lakini emunah ndilo neno lao la imani. Litamke: emunah, imani, amini, amana. Letu limetujia kupitia Kiarabu, lao ni la Kiebrania, mzizi ni mmoja. Na hapa limesemwa juu ya mabega na viwiko vya mzee aliyechoka ambaye peke yake mikono ilikuwa imeshamshinda.

Kwa hiyo unaponiambia imani imekuishia, mimi nauliza nani alimgeuza mama leo alfajiri asipate vidonda vya mgongo. Nani alimpaka mafuta visigino. Hiyo ndiyo ninayoihesabu. Na upande wa pili, nani alikuwa ameshika?

Ndipo lilipo jambo langu. Kwa nini mikono ya Musa ilikuwa mizito? Rashi, mfafanuzi wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, anajibu akifuata waliomtangulia: kwa sababu Musa alizembea wajibu, akamweka mwingine mahali pake. Nilisoma sentensi hiyo kwa sauti, Alhamisi, na koo likanikauka. Mzee akadhani nimechoka, akaniambia tuache. Dakika chache kabla nilikuwa nimemwinua mkono wa kushoto, kisha wa kulia, taratibu, nimvalishe sweta, kwa saa ninazolipwa. Kwa mama nimekuweka wewe mahali pangu. Kila tarehe 28 natuma pesa, nabandika na ile picha ya viganja vya sala, najiona nimemaliza. Pesa haimgeuzi mtu kitandani. Nilijua, na nilinyamaza kwa sababu ulikuwa hulalamiki.

Nimeongea na mama mdogo. Atapanda basi Jumapili asubuhi kutoka Korogwe, atakaa mpaka Pasaka. Nauli nimeshamtumia, usimpe yako. Mpe kile kitanda changu. Amekubali kwamba Jumatano na Jumamosi yeye ndiye anayeamka alfajiri, na wewe hutakanyaga chumba cha mama kabla ya saa nne. Nenda kwaya, au lala tu. Vidonge vya siku nne zinazopungua nimelipia pale dukani kwa dawa, ulizia kwa jina la mama.

Mimi nimeomba likizo ya wiki tano kuanzia Aprili. Bado sijajibiwa. Lakini naomba unirekodie video, hata fupi: unapomgeuza kwenda upande wa kulia, mkono unauweka wapi, chini ya bega au chini ya kwapa? Huyu wa hapa ni mwepesi na nimemzoea. Mama sijawahi kumgeuza hata siku moja, na sitaki kufika nikamuumiza.

Kaka yako