Msitupe Sweta, Fumueni: Barua kwa Wajukuu Zangu Mlioshika Sindano

Wajukuu zangu, pamoja na rafiki zenu wote mliojifunza kufuma mwaka huu,

Marahaba nyote.

Jumamosi ile mlipoondoka sebuleni kwangu, nilikwenda kumwaga uchafu nikakuta sweta ndani ya pipa. Sweta la buluu, la sufu. Mgongo umekwisha, kifua kimekwisha, mkono mmoja umekwisha, wa pili umefika kwenye kiwiko na sindano bado zimo. Nilisimama pale na mfuniko mkononi. Mwenyewe simtaji, anajijua. Kesho yake nilipomuuliza alinijibu, "Bibi, linanipwaya, halifai." Halifai! Miezi mitatu ya jioni zako, mama, halafu halifai? Hasira hiyo ninayo mpaka leo, na ndiyo inayoandika barua hii. Ikiwakwaruza, mnivumilie.

Sikieni. Kitambaa ukikikosea kwa mkasi, umekikosea. Kilichofumwa hakiko hivyo, kwa sababu sweta zima ni uzi uliopitishwa kitanzi ndani ya kitanzi. Ukiipata ncha ukavuta, unarudi wote. Sijui kazi nyingine ya mikono yenye huruma namna hiyo. Usiku ule ule nililikalia sweta lile. Nilianza na ule mkono ambao haujaisha, kisha kifua, kisha mgongo, mstari baada ya mstari. Uzi ulikuwa unatoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa misuko. Niliuzungushia kwenye mgongo wa kiti, nikaufunga sehemu nne kwa vipande vya uzi wa pamba usije ukatatizana, nikauloweka kwenye maji ya vuguvugu, nikauminya bila kuusokota, nikautundika. Ulipokauka ulikuwa umenyooka. Madonge manane, na hakuna aliyejua kwamba yalikuwa yamewahi kuwa sweta.

Sasa, kwa nini lilipwaya? Kabla sijafumua nililaza futi ya fundi nguo juu ya kifua chake nikahesabu. Karatasi ya maelekezo ilitaka vitanzi 22 katika kila sentimita 10. Mjukuu wangu mkono wake ni mlegevu, amepata 20. Sweta la mzunguko wa sentimita 100 lilihitaji vitanzi 220, naye akaweka 220 kama alivyoambiwa. Kwa mkono wake hiyo ni sentimita 110. Vitanzi viwili tu, na sweta likaongezeka upana wa kiganja kizima!

Nami niliwaambia. Niliwaambia siku ya kwanza kabisa: fumeni kwanza kipande cha majaribio, upana sentimita 15, urefu sentimita 15, kwa uzi ule ule na sindano zile zile. Kioshwe, kikauke, kisha mpime katikati, si ukingoni ambako vitanzi hudanganya. Vikiwa vichache kuliko vinavyotakiwa, chukua sindano nyembamba zaidi. Vikizidi, chukua nene. Ni kazi ya jioni moja. Mkatazamana mkacheka, mkaona bibi anawachelewesha. Mwanzo wa ngoma ni lele, watoto wangu, lakini ninyi mnataka kuikuta ngoma imeshakolea. Mnatazama video ambayo sweta linaanza na kumalizika ndani ya dakika moja, kisha mnadhani mikono yenu ina kasoro.

Na si kosa lenu peke yenu. Tumewalea katika dunia inayotupa. Nguo ikichomoza uzi mmoja, nje. Kifungo kikikatika, nje. Nani aliwaonyesha kurekebisha? Sisi wazazi tuliona tunawarahisishia maisha. Isitoshe, kazi ya mikono ya wanawake imedharauliwa muda mrefu. Mwanamume akitazama mpira saa mbili anapumzika. Mimi nikifuma saa mbili naulizwa kama sina la kufanya. Kwenye kisiwa cha Taquile, katika Ziwa Titicaca huko Peru, wanaume ndio wanaofuma kofia, na wanaanza wakiwa wavulana. UNESCO iliitambua sanaa yao ya nguo mwaka 2005. Basi ninyi wavulana mliokaa pembeni mkiwatania dada zenu, sindano za ziada ziko kwenye droo.

Mnaniuliza niliwezaje kulea watoto wanne, kusafiri na bado kufuma. Sikuwahi kupata muda wa kufuma. Niliuokota: mtoto amelala, maji hayajachemka, treni haijafika. Kwa safari beba soksi, maana inaenea mfukoni. Blanketi liache nyumbani. Sindano za mianzi hazitelezi gari likiyumba. Usiweke kazi chini katikati ya mstari. Andika kwenye kijidaftari umefika mstari wa ngapi.

Na safarini usione haya kufuma mbele za watu. Mara moja nilikaa ndani ya treni mkabala na mama mmoja mzee tusiyejuana lugha. Alinitazama mikono muda mrefu, kisha akatoa kazi yake mfukoni. Mimi uzi naushika kwa mkono wa kulia, kama Waingereza wengi. Yeye aliushika kwa wa kushoto, kama Wajerumani. Tulifundishana hadi kituo chake, kwa vidole tu. Wapo wengine, Ureno, wanaoupitisha uzi shingoni.

Mengine kwa ufupi. Nunueni uzi wote wa kazi kwa pamoja, na mwangalie lebo zote ziwe na namba ile ile ya rangi, kwa sababu kila mkupuo wa rangi hutofautiana kidogo. Kitanzi kikidondoka, msikimbie, kikamateni kwa pini. Sweta lililolowa lilazwe, lisitundikwe; uzito wa maji hulivuta. Na sufu msiitie maji ya moto mkaisugua: nyuzi zake zina magamba madogo yanayong'ang'aniana, ikishagandamana haifumuliki tena. Hilo ndilo kosa pekee nisiloweza kuwaokoa nalo.

Kuna kitu kimoja ambacho sikukifumua. Babu yenu alipolazwa nilikaa kando ya kitanda chake wiki sita nikimfumia soksi. Kuongea kulikuwa kunamchosha. Kila nikifika kwenye kisigino alikuwa anautoa mguu nje ya shuka nimpimie, bila kuambiwa. Soksi ya kwanza aliiona. Ya pili niliimaliza siku chache baada ya mazishi. Kisigino chake kimekaa upande, macho yalikuwa hayaoni vizuri siku zile. Nimeiacha hivyo hivyo.

Lakini sweta la buluu si soksi ile, mama. Lina uzima wote ndani yake. Madonge yako manane yako kwenye kikapu karibu na dirisha, na sindano zako nimezifuta. Njoo Jumamosi, na usilete maelekezo yale. Hesabu yako nimekuandikia kwenye karatasi, iko chini ya uzi: kifua na mgongo kwa pamoja, vitanzi 200.

Bibi yenu