Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya: kibao tumekiona, kalavati liko wapi?

YAH: KALAVATI LA KORONGONI, NJIA YA BAISKELI YA BONDE LA PANGANI

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa umri nadhani mimi ni kaka yako, lakini cheo nacho kina shikamoo yake, kwa hiyo shikamoo. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta kwa bahasha ziligongwa mhuri wa kupokelewa, nakala ninazo nyumbani, na safari yao iliishia kwenye huo mhuri.

Jumamosi iliyopita jioni, kijana ninayefanya naye kazi ya kuongoza wageni wa baiskeli alitumbukia kwenye lile shimo la Korongoni, pale lilipokuwa kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya njia, kabla halijaondoka. Unalijua. Alikuwa mbele, nyuma yake wageni wawili. Mvua ya mchana ilikuwa imemega ukingo tuliozoea kupita tukiwa tumebeba baiskeli begani. Aliwahi kupiga kelele wageni wakasimama, yeye mwenyewe akaenda nao ule udongo hadi chini. Amevunjika mtulinga. Tulimfunga mkono kwa kanga ya mama mmoja aliyekuwa anarudi shambani, tukampakia kwenye bodaboda, na bodaboda nayo ikalazimika kuzunguka, maana njia fupi ya kwenda zahanati ni hiyohiyo yenye shimo.

Hatua chache kabla ya hapo, Mheshimiwa, kuna kibao. Ni kile ulichokizindua wewe. Kimeandikwa kwa bluu, "Karibu katika njia ya kihistoria ya baiskeli", kina na mshale, na mshale unaelekea shimoni. Nisieleweke vibaya, kibao ni imara kweli, mvua zote zimekipitia na rangi haijachuja. Fundi aliyekitengeneza angepewa na tenda ya kalavati, leo nisingekuwa na la kuandika.

Siku ile ya uzinduzi tulikaa chini ya turubai, tukapewa maji ya chupa na tisheti. Ulivaa helmeti, ukapanda baiskeli ya kwetu, ukaendesha hadi walipokuwa wamesimama wapiga picha. Kisha ukasema, na watu wote walikusikia, kwamba kabla ya masika kalavati litakuwa limejengwa upya na mitaro imezibuliwa. Tulipiga makofi. Hukutaja ni masika ya mwaka gani, pengine ndiyo sababu. Yale tuliyoyadhania sisi yamepita, vuli imepita, na masika mengine haya yanabisha hodi.

Ulizungumzia historia pia, na hapo nilikuunga mkono kwa moyo wote. Bonde hili limepitwa na watu tangu zamani. Misafara ya pembe za ndovu ilipanda huku kutoka Pangani mjini kuelekea Upare na Kilimanjaro, wapagazi wakiwa na mizigo vichwani. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Vugha, makao makuu ya Washambaa, mwaka 1848 kumwona mfalme wao, Kimweri ye Nyumbai. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifuata mwaka 1857, na walianzia palepale mdomoni mwa mto. Semboja, mtoto wa Kimweri, aliona faida iko chini bondeni, akaweka makazi Mazinde ili awe karibu na misafara. Mwaka 1888 Pangani iliwaka kwa vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani, naye akanyongwa mjini humo Desemba 1889. Halafu ikaja reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905. Wote hao walivuka makorongo ya bonde hili, wengine kwa miguu mitupu. Tukashindwe sisi, wenye wilaya, bajeti na kamati?

Najua ofisini mkisikia neno barabara mnasikia lami, na mkisikia lami mnasikia mabilioni. Sisi hatutaki lami. Nimelisema hili kwenye vikao hadi nimechoka na sauti yangu mwenyewe. Wageni hawa wanafuata vumbi. Wanakuja na baiskeli zenye usukani uliopinda kama za mashindano lakini tairi nene za milimita 40 na zaidi, zilizotengenezwa makusudi kwa moramu na changarawe. Lami wanayo kwao. Wanachotaka ni njia za mashamba ya mkonge, vituo vya reli vya zamani, mto upande mmoja na milima ya Usambara upande mwingine, na kijijini mahali pa kunywa chai bila kupigiwa honi. Kenya wameliona hili, tangu mwaka 2021 wana mashindano ya changarawe Maasai Mara. Mwaka 2022 mchezo huu ukapata ubingwa wake wa dunia, mara ya kwanza, kule Italia. Rwanda nao mwaka 2025 wakapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani pale Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika. Sisi tuna kibao.

Tena lami ndiyo inayotutisha. Kalavati likiwa halipo, tunalazimika kutoka kwenye njia ya vumbi na kupita barabara kuu ya Segera kwenda Mombo. Unaijua hiyo barabara, unaipita kwenye gari lenye vioo vimefungwa. Sisi tunaipita tukisikia upepo wa basi la Arusha ukituvuta pembeni. Mgeni mmoja mama mtu mzima alishuka kwenye baiskeli pale, akakaa kwenye nyasi, akaniambia anarudi Korogwe kwa gari. Nilimwelewa. Fedha yake ya siku zilizobaki nilimrudishia.

Sasa kwa nini kalavati liliondoka? Mimi si injinia, nasema ninachokiona. Lilikuwa bomba moja, jembamba, kwenye korongo linalopokea maji ya mlima mzima. Mtaro wa juu umejaa udongo na mabua, kwa hiyo maji hayaingii mtaroni, yanashuka katikati ya barabara. Halafu lilikuja greda wakati wa kiangazi. Lilikwangua barabara ikawa bapa, bila mgongo wa kumwaga maji pembeni, hapakumwagwa maji wala hapakushindiliwa. Ilipendeza kwa wiki kadhaa. Mvua za kwanza zilibeba moramu yote hadi mtoni na kutuachia mawe. Nadhani pia malori ya mchanga yana mchango wake, maana usiku yanapita yakiwa yamejaa hadi juu na hakuna anayeyauliza. Wengine wanasema fedha za kalavati zilihamishiwa kwenye kazi nyingine. Hilo sina ushahidi nalo, ila ukilikanusha kwa maandishi nitafurahi, angalau nitakuwa nimepata barua kutoka kwako.

Hali yangu nitakueleza kwa ufupi, ingawa sio fupi. Baiskeli za wageni nilizinunua kwa mkopo wa kikoba, baada ya uzinduzi, kwa sababu ulisema vijana wachangamkie fursa. Nilichangamka. Rimu zimepinda, miiba ya migunga inamaliza tyubu, na kila tukizunguka naongeza gharama ya gari la kubeba mizigo. Wageni wa msimu ujao wameanza kuandika wakiuliza kama njia imetengenezwa. Nimewajibu kwamba serikali inalifanyia kazi. Mmoja akaniuliza, kazi gani? Mpaka leo sijamjibu. Wanakikoba wenzangu hawaulizi kwa barua, wanakuja mlangoni. Na kijana wangu, mwenye mkono kifuani, ndiye aliyekuwa analisha nyumba ya mama yake. Usidhani ni sisi wa baiskeli za wageni peke yetu. Hapohapo wanapita watoto wa shule, wanapita akina mama wa sokoni, na wauza maziwa wenye baiskeli za kawaida ambazo hakuna aliyezizindulia chochote. Wao wanaanguka kimya kimya, na maziwa hayana bima.

Mto huu hauna ubahili, Mheshimiwa. Unajaza bwawa la Nyumba ya Mungu, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale tangu mwaka 1964, ukishuka kidogo unazungusha mingine ya megawati 68 pale Maporomoko ya Pangani. Na huko chini zaidi, Kikogwe, ndiko ilikopandwa miche ya kwanza ya mkonge mwaka 1893. Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62. Miche 62 tu, na nchi hii ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa katani. Kwa hiyo sikubali nikiambiwa ombi letu ni dogo mno kuingia kwenye mpango wa wilaya.

Nilikuwa na orodha ndefu. Vibao vya masafa, choo kituoni, ukarabati wa lile jengo la reli linaloanguka, ratiba ya greda kutangazwa kijijini kabla halijaja, watu wa kata kushirikishwa kupanga njia badala ya kuchorewa mjini. Yote bado nayataka, lakini nimeyaweka pembeni ili usipate la kuundia kamati. Nataka kalavati. Masika haya, kabla mvua hazijakolea. Usije na wataalamu wa kupima upya, vipimo vilishachukuliwa mara mbili na vigingi vya rangi nyekundu bado viko pale, mbuzi wanafungwa navyo.

Kama fedha hazipo, sema hazipo. Tupeni mabomba mawili makubwa na lori moja la mawe. Kuchimba tutachimba wenyewe, mwenyekiti wa kijiji ameshalisema hilo mkutanoni na watu wamekubali, mafundi wa kujenga kuta tunao. Mabomba mawili, Mheshimiwa. Ukisema mwanzie na moja kwanza, tutakataa, maana lile lililoondoka lilikuwa moja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwongoza wageni wa baiskeli,
Bonde la Pangani