Mwanangu, koti ligeuze kwanza

Ilala, Dar es Salaam

Mwanangu Neema,

Natumai barua hii itakukuta salama. Sisi huku hatujambo. Kifua cha baba yako kimepoa, na wadogo zako wamefunga shule. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu nikianza tu habari za baridi ya huko Leeds, Uingereza, unageuza mazungumzo.

Jumapili ulipopiga video ukiwa kituoni unasubiri basi, niliona lile jaketi. Zipu imeachia katikati, umeibana kwa pini, na mkono ulioshika simu unatetemeka. Ukaniambia, "Mama, huku ni kawaida." Usiku ule usingizi ulinipaa. Hilo ni jaketi la tatu tangu Septemba, yote umeagiza mtandaoni, kila moja paundi 18. Jumla paundi 54, na bado unatetemeka.

Mwanangu, nimeuza mitumba soko la Karume miaka 22. Ulijifunza kutembea ukishikilia mabelo yangu. Hata Januari 2022 soko lilipoungua na meza yetu ikateketea na kila kilichokuwa juu yake, nilianza upya na belo moja la mkopo, na lilikuwa la makoti. Basi kwa habari ya koti nisikilize mama yako.

Hapa Dar koti zito halina mteja, unajua. Wanaonunua kwangu ni watu wa Makete na Njombe, ambako Juni na Julai majani huamka meupe kwa sakitu. Hao hawadanganyiki na rangi. Kuna mzee mmoja wa Makete, akifika mezani hata hatazami mbele ya koti. Analigeuza ndani kuwe nje, anatia vidole viwili kwapani, anauvuta mshono taratibu huku ameuelekeza kwenye jua. Mwanga ukipenya kati ya nyuzi, analirudisha mezani bila neno. Siku nilipomuuliza akanionyesha: koti huanza kufia kwapani, kisha mfukoni, kisha kwenye pindo la mkono. Kifuani litaonekana jipya hadi siku ya mwisho, ndiyo maana watu huliwa.

Yeye ndiye aliyenifundisha pia kuchomoa uzi mmoja wa ndani na kuuwasha kiberiti. Sufi hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka, ikawa donge gumu. Huko kiberiti hukihitaji, lebo ya ndani inaandika kila kitu kwa asilimia. Tafuta neno wool, yaani sufi, na namba iliyo mbele yake iwe 70 au zaidi. Sufi hata ikipata unyevu hukuacha na joto, na mvua ya huko Leeds umeniambia mwenyewe ni ya manyunyu yasiyokatika. Suruali ya jinsi ni pamba, ikilowa inakaa na maji kutwa. Usiende nayo zamu ya usiku ukakesha na mapaja mabichi. Na zipu ipandishe na kuishusha mara kumi kabla hujalipa. Ikikwama mara moja, liache.

Sasa nakuja kwenye jambo ninalojua litakukwaza. Uliniambia huwezi kusafiri hadi Uingereza ukavae mtumba. Neema, zile nguo zilizokusomesha zilitoka wapi? Watu wa huko huzipeleka kwenye maduka ya hisani yanayouza vitu vya kupewa bure, kama Oxfam, Barnardo's na British Heart Foundation, nazo zikikaa bila kuuzwa huuzwa kwa uzito kwa wafanyabiashara, zinachambuliwa, zinafungwa na kupakiwa melini. Sisi tunanunua belo limekazwa kwa mikanda, hatujui ndani mna nini, tunaomba Mungu tu. Wewe umefika kabla belo halijafungwa. Unachagua kimoja kimoja, unajaribu mbele ya kioo, hupendi unakirudisha. Mimi ningeipata nafasi hiyo siku moja tu!

Kuna lebo moja nataka uikariri: St Michael. Hizo ni nguo za Marks & Spencer za zamani, waliacha kuitumia lebo hiyo mwaka 2000. Sweta lenye lebo hiyo likitoka kwenye belo, wauzaji tunaligombania, kwa sababu mishono bado imekaa kana kwamba fundi kainuka juzi kwenye cherehani. Na kampuni yenyewe ilianzia hapo hapo Leeds, mwaka 1884, Michael Marks akiwa na meza yake katika soko la Kirkgate. Mchuuzi wa meza, mwanangu. Lipite soko hilo ukanunue soksi nzito na uzi.

Kitu kingine, dada mmoja wa kanisani aliyeishi huko amenieleza kuwa nguo na viatu vya watoto havitozwi ile VAT ya asilimia 20. Wewe mwili wako mdogo. Kabla hujalipa bei ya watu wazima, jaribu koti la mtoto wa miaka 12 au 13.

Viatu vya kazi nunua vipya, hapo usibane. Kiatu kilichovaliwa kimeshashika umbo la mguu wa mwingine, na wewe unasimama muda wa saa 12 ukiwahudumia wale wazee wa kazini kwako. Chupi na soksi vivyo hivyo.

Sweta la sufi lifue kwa mkono, maji ya baridi, usilikamue kwa kulinyonga. Likunje ndani ya taulo ulikandamize, kisha ulilaze. Ukilitundika litavutika hadi magotini, ukiliweka juu ya hita litarudi kuwa la mdogo wako.

Mwezi huu usitume hela. Nimeongea na baba yako na amekubali, ada ya Januari tumeshaikusanya. Hizo paundi 60 ni za koti. Usizipeleke kwenye jaketi la nne la mtandaoni, nakuomba.

Kuna mama mmoja anasafiri kuja huko tarehe 20, nimempa kile kikopo cha bluu kilichokuwa kwenye droo ya cherehani. Ndani kuna sindano tano, uzi mweusi na wa kahawia, na vifungo vikubwa vya koti kumi na viwili, nilivikata kwenye makoti yaliyochakaa. Ukikuta koti zuri limepungukiwa kifungo, lichukue, wengine wataliacha kwa sababu hiyo tu.

Ukishalipata, nipigie kwa video ukiwa bado dukani. Usinionyeshe umelivaa. Ligeuze, niletee kwapa karibu na kamera, upande wa dirishani kwenye mwanga.

Mama yako