Albamu si gunia la viazi

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa kijana wa kibanda cha kanda, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kukuandikia hata mstari mmoja, hata pale mlipokosea matokeo ya mechi niliyokuwa nimeiona kwa macho yangu. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile makala ya ukurasa wa burudani, ya mashabiki wanaobishana kuhusu mpangilio wa nyimbo katika albamu ya DAMN ya mwanarap wa Marekani Kendrick Lamar, mwandishi wako aliimalizia kwa kuwaita mashabiki hao watu wasio na shughuli, kwa hoja kwamba nyimbo ni zile zile hata zikipangwa vipi. Viazi ndivyo vilivyo vile vile hata gunia likipinduliwa.

Msanii mwenyewe alikwisha kumjibu mwandishi wako. Albamu hiyo ilitoka tarehe 14 Aprili 2017, siku ya Ijumaa Kuu, ikiwa na nyimbo 14, na Desemba ya mwaka huo huo ikatolewa tena ikiwa na nyimbo hizo hizo 14, bila kuongezwa wala kupunguzwa hata mmoja, isipokuwa kwamba safu yote imegeuzwa: wa mwisho umekuwa wa kwanza na wa kwanza umekuwa wa mwisho. (Wapo watakaosema kuwa hiyo ni mbinu ya kuuza kitu kimoja mara mbili. Huenda, lakini hao nao wazisikilize zote mbili kwanza.) Katika mpangilio wa awali tunaanza na BLOOD, ambamo msimulizi anamwona mama kipofu anayehangaika kutafuta kitu barabarani, anamsogelea ili amsaidie, na anapigwa risasi. Tunamalizia na DUCKWORTH, kisa cha kweli cha baba yake Kendrick, ambaye alikuwa akiuza kuku katika mgahawa na akawa na desturi ya kumpa kijana mmoja mhuni vipande vya bure, na kwa ukarimu huo akasalimika siku mgahawa ulipovamiwa. Kijana yule ni Anthony Tiffith, ambaye baadaye alikuja kuwa mwenye kampuni iliyomtoa Kendrick. Mwisho wa wimbo Kendrick anawaza ingekuwaje kama baba yake angeuawa, risasi inalia, sauti inaanza kurudi nyuma kwa kasi kama kanda inayorudishwa, na tunajikuta tena kwenye sentensi ile ile ya kwanza ya BLOOD, ya mtu aliyetoka kwenda matembezini. Geuza safu, na albamu inafunguka kwa baba aliyeokoka na kufungwa kwa mwana aliyekufa.

Zitazame pia nyimbo za katikati. Katika toleo la kwanza PRIDE hutangulia HUMBLE, na LUST hutangulia LOVE. Kiburi kikitangulia unyenyekevu, huyo ni mtu anayejirudi, ingawa nakiri kwamba HUMBLE ni wimbo wa mtu anayewaamuru wenzake wanyenyekee huku yeye amesimama wima. Mapenzi yakitangulia tamaa, kama ilivyo katika toleo lililogeuzwa, hiyo ni habari nyingine kabisa, na majirani zangu wawili wanaweza kuisimulia bila kinanda. Mimi nasimama na mpangilio wa kwanza, kwa sababu moja ya kifundi ambayo sijamsikia mtu akiitaja: katika toleo lililogeuzwa, ile sauti ya kurudi nyuma inakuja mwishoni mwa wimbo wa kwanza, nayo inamrudisha msikilizaji kwenye mkasa ambao bado hajausikia. Ni sawa na mtu kukuambia "kama nilivyokwisha kusema" kabla hujasikia paukwa.

Kuhusu nyimbo zilizoachwa nje, ambako mwandishi wako aliwacheka mashabiki zaidi, sitakaa sana. Wanaolalamika kwamba The Heart Part 4, wimbo wa Kendrick uliotoka Machi 2017, haukuingizwa, nadhani wamekosea, kwa kuwa ule ulikuwa wimbo wa kubisha hodi kwa kishindo, na mgeni akishaingia ndani habishi hodi tena. Hata hivyo wanabishana kuhusu jambo lililopo. Tangu Billboard, jarida la Marekani linalopanga chati za muziki, lilipoanza mwaka 2014 kuhesabu nyimbo za albamu zikisikilizwa jumla ya mara 1,500 mtandaoni kuwa sawa na albamu moja iliyonunuliwa, wasanii wamepata sababu ya kurundika. Drake alitoa nyimbo 25 mwaka 2018 katika Scorpion, nami hadi leo sijakutana na mtu aliyezimaliza kwa kikao kimoja. Anayejua kuacha wimbo nje siku hizi anajinyima fedha.

Sasa nikueleze kwa nini nimekasirika mimi, mtu wa umri wangu. Miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda hapa Kirumba, chenye redio ya deki mbili na kalamu ya bomba ya kuzungushia kanda zilizolegea. Illmatic, albamu ya mwanarap Nas ya mwaka 1994, ilikuwa na nyimbo kumi tu, haifiki hata dakika 40, na kanda yake halisi haikuandikwa upande A na upande B bali pande zake zilipewa majina ya mitaa ya kwao Queensbridge, New York. Niliirekodi kwenye kanda za dakika 60, na kila upande ulibaki na kama dakika kumi tupu, ambazo sikukubali kuzijaza kwa wimbo wa mtu mwingine. Mteja mmoja alinirudishia kanda akidai nimempunja. Nikamwambia kimya kile ni chake, amekilipia, akae nacho mpaka kanda igote, ndipo ageuze. Aliondoka ananuna, lakini mwezi uliofuata alirudi na kanda mbili tupu.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, miezi michache iliyopita kituo kimoja cha redio, ambacho sitakitaja, kilipotangaza wiki nzima kwamba Ijumaa usiku kitapiga DAMN yote, mwanzo hadi mwisho, nilinunua betri mpya kwa kuhofia umeme kukatika, nikamwita mwanangu wa mwisho aliyezoea kusikiliza wimbo nusu na kuuruka, nikamkalisha kwenye kigoda na kumwambia kwamba leo atasikia albamu inavyosikilizwa. Mtangazaji akaanza na HUMBLE, kwa kuwa ndio unaojulikana. Nikasema moyoni pengine ni utangulizi. Ukafuata LOYALTY, kwa sababu yumo Rihanna, kisha salamu za wasikilizaji wa Nyegezi na Buswelu, kisha DNA, kisha, wa nne, DUCKWORTH. Nikamwambia mwanangu asogee, asubiri mwisho, asipepese. Kisa kikaenda, kuku wakatolewa, baba akapona, na pale pale risasi ilipolia na sauti ilipotaka kuanza kurudi nyuma, katika zile sekunde ambazo albamu nzima ilitengenezwa ili ifike hapo, likaingia tangazo la magodoro! Mwanangu akaniuliza kama hayo magodoro nayo ni ya Kendrick. BLOOD, wimbo ambao ndio mlango wa albamu, walikuja kuupiga wa kumi na moja, nao wakaukata kabla mama yule hajajibu, kwa madai kwamba ni maongezi tu na hauna mdundo. Nilipiga simu mara sita, na mara ya sita ikapokelewa. Kijana yule, kwa adabu kamili, akaniambia: "Mzee wangu, shikamoo. Lakini si nyimbo zote zimepigwa? Umepungukiwa nini?" Nilikosa la kumjibu, na jibu ndilo hili unalolisoma, limechelewa.

Na wakati huo huo hawa watangazaji wameacha kabisa kutaja nani alitengeneza mdundo. DUCKWORTH ni kazi ya 9th Wonder, yenye midundo yake mitatu katika wimbo mmoja, ikibadilika kisa kikiwa kinaendelea, lakini hutalisikia jina lake hewani. Utakachosikia ni jina la kituo, likipayukwa katikati ya ubeti kana kwamba msikilizaji amesahau redio aliyoifungua mwenyewe. Enzi zetu tulikuwa na hasara zetu, kanda zikitafunwa na mashine na wasanii wakiibiwa mchana kweupe (mimi mwenyewe sikuwahi kumlipa Nas hata senti, na Mungu anisamehe), lakini nyuma ya kasha niliandika majina yote kwa mkono, kwa namba, kwa mpangilio wake.

Mwandishi wako namwachia wewe. Kwa kituo kile nina pendekezo. Jumapili yoyote baada ya taarifa ya habari, watenge saa moja, maana albamu hiyo ni ya dakika 55 hivi, na dakika tano zitakazobaki wazitumie mwanzoni kusoma tangazo la magodoro mara nyingi watakavyo, hata kwa kuimba, nami naahidi kulisikiliza lote nikiwa nimesimama. Baada ya hapo mtangazaji abonyeze kitufe mara moja, atoke studio, afunge mlango kwa nje na funguo akabidhiwe mlinzi wa getini, ambaye asiirudishe mpaka asikie kwa masikio yake sauti inayorudi nyuma na yule mtu akianza tena matembezi yake. Kama hawana nakala ya mpangilio wa kwanza, ninayo diski halisi na niko tayari kuwaazima. Wailete Jumatatu kabla ya saa nne, ikiwa ndani ya kasha lake.

Mrekodi kanda mstaafu,
Kirumba, Mwanza