Mwenye ndege hataki hitilafu ziandikwe. Nifanyeje?

Ndugu mshauri, nanyi wasomaji, habari za kazi.

Mimi ni rubani hapa Tabora. Narusha Cessna 206, ndege ya injini moja na viti sita pamoja na changu, na safari zetu nyingi ni za Kigoma na Mpanda. Mwenye ndege ni mzee ninayemheshimu sana, na shida yangu imetokea kwake. Hataki hitilafu za ndege ziandikwe kwenye kitabu. Anataka apigiwe simu, basi.

Kwa wasioijua kazi yetu, ndege ya biashara ina kitabu ambacho rubani hukijaza akimaliza safari: saa alizoruka, mafuta, na kasoro yoyote aliyoiona. Kasoro ikishaandikwa, ndege hairuki mpaka fundi mwenye leseni aitengeneze na kutia saini, au athibitishe kwa maandishi kwamba inaweza kusubiri. Huko kusubiri nako kuna mipaka yake. Ipo orodha tunayoiita MEL, inayoonyesha kifaa gani kikiharibika bado unaweza kuruka, kwa masharti gani, na kwa muda gani: vingine siku 3, vingine 10, vingine hadi 120. Kwa hiyo kuandika si lazima kuifunge ndege. Ila hapa hatuna fundi wa leseni. Inabidi aitwe kutoka Mwanza au Arusha, alipiwe nauli na hoteli, na kipuri kikikosekana kiagizwe nje ya nchi huku ndege imelala. Mzee akizipiga hesabu hizo anaona heri nikae kimya.

Nilipokabidhiwa ndege, nilikuta daftari kwenye mfuko wa nyuma ya kiti. Daftari la shule la kawaida, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Aliyenitangulia alikuwa akiandika humo kwa penseli. "Geji ya tangi la kulia inadanganya, pima kwa kijiti." "Oili inavuja upande wa chini, angalia kabla ya kupaa." "Magneto ya kushoto inashuka, choma plagi kwanza." Nikachukua kitabu rasmi nikalinganisha tarehe. Siku zilezile kimeandikwa "Hakuna hitilafu", na saini chini yake. Simlaumu mwenzangu huyo hata kidogo. Alijua kitabu rasmi hakitamsaidia atakayekuja, akaacha kitu ambacho kingemsaidia.

Sasa niwaeleze hiyo magneto, maana ndiyo iliyonifikisha kwenu. Injini yetu ina magneto mbili, ya kulia na ya kushoto. Kila moja inazalisha cheche zake za kuwasha mafuta bila kutegemea betri, na kila silinda ina plagi mbili, moja ya magneto hii na moja ya ile. Kabla ya kupaa unapandisha injini hadi mizunguko 1,700 kwa dakika, unabakiza magneto moja, unatazama sindano ya mizunguko inashuka kiasi gani, unarudisha zote, kisha unabakiza ya pili. Mwongozo wetu unaruhusu ishuke kwa mizunguko isiyozidi 150, na tofauti kati ya magneto hizo isizidi 50. Wiki iliyopita, abiria wamekwishafunga mikanda, nilibakiza ya kushoto peke yake sindano ikaporomoka kwa zaidi ya 200. Ndege nzima ikatetemeka, funguo zikawa zinagongana pale kwenye swichi. Nikapunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa, nikaiacha injini ingurume kwa nguvu kidogo. Petroli ya ndege hizi ina madini ya risasi ambayo huganda kwenye plagi, na mara nyingi ukiipa injini joto namna hiyo yanaungua. Nikapima tena. Ikaporomoka vilevile. Ikifika hapo huwezi tena kusema ni uchafu. Ni magneto yenyewe au nyaya zake, na magneto hutakiwa kufunguliwa na kukaguliwa ndani kila saa 500. Yetu ilifunguliwa lini mara ya mwisho, sijaona mahali palipoandikwa.

Nikageuza, nikarudi kwenye maegesho, nikazima injini, nikawaambia abiria hatuendi. Kisha nikaandika kwenye kitabu rasmi, kwa kalamu ya wino.

Miongoni mwa abiria alikuwapo mama aliyekuwa akiwahi mazishi ya baba yake Ujiji. Alinishika mkono akaniomba niende taratibu tu, hivyohivyo. Akaishia kupanda basi. Alipofika Ujiji watu walikuwa wameshatoka makaburini. Jambo hilo limenikaa moyoni, na mzee analijua, maana alianza nalo aliponipigia simu: "Mwanangu, umemnyima yule mama kumzika baba yake. Injini imewekewa magneto mbili kwa sababu gani kama si hiyo, moja ikichoka nyingine ifanye kazi? Mwenzako mbona alikuwa anaruka nayo?"

Nilimjibu kwa adabu kwamba ya pili imewekwa ili ikuokoe ukiwa tayari uko juu, siyo ili uanze safari ukiwa umebakiwa nayo peke yake. Kutoka hapa hadi Kigoma ni kama kilomita 350 kwa mstari wa moja kwa moja. Ukishapita Kaliua chini ni msitu wa miombo, halafu matete na maji ya Malagarasi. Mimi hupenda kuruka karibu na reli, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia ile hakuna kingine kilicho wazi ambapo mtu anaweza kujaribu kutua. Nikamweleza pia habari ya ndege ya Lion Air, shirika la Indonesia, iliyoanguka kwenye Bahari ya Java Oktoba 29, 2018, ikaua watu wote 189. Ajali ile ilikuwa na sababu nyingi, muundo wa ndege yenyewe ukiwemo. Lakini usiku uliotangulia marubani wengine waliirusha ndege ileile kutoka Denpasar hadi Jakarta, wakapambana na tatizo lilelile, usukani ukitikisika karibu njia nzima kuwaonya. Walipotua waliandika baadhi ya mambo, ila la usukani hawakuliandika. Mafundi wakashughulikia kile kilichoandikwa. Asubuhi wenzao wakapanda. Mzee akasema hayo ni mambo ya ndege kubwa.

Baada ya hapo alimleta fundi wa magari wa hapa mjini. Ni kijana hodari kwa kazi yake, ila hana leseni ya ndege. Akabadilisha plagi. Tulipopima, sindano ikashuka kidogo kuliko mara ya kwanza, lakini bado imepita 150. Sasa mzee ananitaka niandike chini ya maneno yangu "Imejaribiwa, iko sawa," kisha nitie saini mimi. Mimi ni rubani, sina mamlaka ya kusaini matengenezo ya aina hiyo. Na iko wapi hiyo sawa? Siku ikitokea ajali, bima wataanza na saini hiyo.

Nimemwambia sitasaini na sitaruka. Kwa sheria, rubani kiongozi ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu ndege iliyo chini ya amri yake, kwa hiyo hapo sina wasiwasi. Wasiwasi wangu ni mzee mwenyewe na hao abiria.

Ndugu zangu, mzee huyu si bosi tu. Alifanya kazi na baba yangu relini miaka mingi. Nilipokuwa nasomea urubani Afrika Kusini, nyumbani wakauza ng'ombe mpaka wakaishiwa, yeye ndiye aliyelipa ada iliyobaki, bila karatasi wala riba. Nilipotaka kuoa, yeye ndiye aliyeongoza washenga. Mimi namwita baba, na sijui kumwita vinginevyo. Baba yangu mzazi ananiambia, "Usimwaibishe yule mzee, zungumza naye polepole." Mama watoto anasema niache kazi leo kabla ya kesho. Nami bado natafuta saa 1,500 za kuniwezesha kupata leseni ya juu, na kazi za urubani haziokotwi.

Nikiondoka, ataajiri kijana mwingine mwenye saa chache kuliko zangu na shida nyingi kuliko zangu, na huyo atasaini. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Naweza kupeleka taarifa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kanuni za kimataifa, Kiambatisho cha 19 cha mkataba wa usafiri wa anga, kilichopitishwa mwaka 2013, zinazitaka nchi ziwe na utaratibu wa taarifa za hiari unaomlinda mtoa taarifa. Lakini ndege hii rubani wake ni mimi. Hata jina langu likifichwa, nani hatajua?

Basi naomba ushauri. Je, ni sawa niwatumie wazee, tuseme baba yangu na wale washenga, wakae naye kwa jambo la ufundi kama hili, au nitakuwa nimemvua nguo mbele ya wenzake? Je, nimpe muda maalumu wa kumleta fundi wa leseni, na ukipita ndipo niende TCAA, nikimwambia waziwazi kabla sijaenda? Au uhai wa abiria hauruhusu hata huo muda? Walio kwenye meli za ziwani au mabasi, mliowahi kumkatalia mwenye mali ambaye ni mzazi wenu, mlianzaje kuongea naye?

Naomba majibu mapema, anataka ndege iruke Jumatatu. Jina langu msilitaje.

Rubani, Tabora