Kazi za katikati si aibu kwa mbunifu wa jukwaa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie riziki yetu sisi wabunifu wa mandhari ya jukwaa. Jambo hili limenikaa rohoni tangu kijana mmoja aliyekuwa akinisaidia kukata kadibodi aliponiambia kwamba anaiacha fani. Kipaji anacho, na mkono wake umetulia kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Kilichomchosha ni swali la watu: "Siku hizi unafanya nini?"

Swali hilo nalijua vizuri. Nimeulizwa miaka mingi, na mara nyingi nimelijibu kwa uongo. Nilikuwa nikisema kuna onyesho linakuja, kumbe asubuhi hiyo nimetoka kuchonga herufi za banda la maonyesho ya biashara.

Kwa asiyeijua kazi hii, mbunifu wa kujitegemea huitwa kwa onyesho moja moja. Anaisoma tamthilia, anakaa na mwongozaji, anachora, anatengeneza modeli ndogo ya jukwaa kwa kadibodi, anasimamia maseremala na wapaka rangi, anakesha ukumbini wiki ya mwisho ya mazoezi. Pazia likifunguliwa usiku wa kwanza, kazi yake imekwisha. Waigizaji wataendelea kupanda jukwaani kila jioni, yeye ameshakuwa mtu wa kutafuta kazi. Malipo nayo mara nyingi hukatwa vipande: kianzio mkataba ukisainiwa, kingine modeli ikikubaliwa, cha mwisho onyesho likifunguliwa. Onyesho likiahirishwa, kipande cha mwisho kinaahirishwa nacho, hata kama michoro yote imeshakabidhiwa na mbao zimeshakatwa. Ufaransa angalau wasanii na mafundi wa jukwaa wakifikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12 wanapata posho kwa siku ambazo hawana kazi. Wengi wetu kwingineko hatuna kitu cha namna hiyo, kwa hiyo lazima tufanye kazi nyingine katikati ya onyesho na onyesho. Mimi sioni ubaya wowote hapo. Ubaya ni kuificha, na mimi niliificha kwa gharama kubwa.

Mwaka mmoja maonyesho mawili niliyoyategemea yaliahirishwa ndani ya mwezi mmoja. Nikapata kibarua kwenye karakana ya mabanda. Tulikuwa tunaunda kuta zinazosimamishwa bila msumari hata mmoja, nyepesi kiasi cha watu wawili kuzibeba, zikifunguliwa zinalala kwenye lori moja. Jioni moja tukiwa tunasimamisha banda, akapita mwongozaji ninayemheshimu sana. Nilikuwa nimeshika nyundo ya mpira, nguo zote vumbi la mbao. Nikaingia nyuma ya ukuta, nikasimama pale mpaka sauti yake ikapotea. Miezi kadhaa baadaye nikasikia kwamba msimu ule alikuwa akimtafuta mbunifu wa onyesho la kuzunguka, mandhari yake iingie kwenye lori moja na isimamishwe asubuhi moja. Kazi ilikwenda kwa mwingine. Ukuta alioutaka ndio niliojificha nyuma yake.

Tangu siku hiyo nilibadili namna ya kutafuta. Zamani nilipeleka orodha ya tamthilia nilizobuni, na watu wa nje ya ukumbi walikuwa wakiisoma kama orodha ya starehe. Sasa nabeba modeli yenyewe. Kwenye kipimo cha 1:25, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 25, mtu wa mita 1.75 ana urefu wa sentimita 7. Huyo ndiye ninayemkata kwanza, kabla ya ukuta na kabla ya mlango, namsimamisha kwenye jukwaa tupu kisha nakijenga kila kitu kwa kumtazama yeye. Kiti chake kinakaa milimita 18 kutoka sakafuni. Nikikosea milimita 2 kwenye ngazi ya kadibodi, seremala atakosea sentimita 5 kwenye ngazi ya mbao, na mwigizaji atajikwaa gizani akiwa na maleba mazito. Msanifu majengo mmoja aliishika ngazi hiyo kwa ncha za vidole, akahesabu vidato, akaniuliza naweza kuanza lini. Hakuniuliza nimebuni tamthilia gani.

Barua zangu za maombi nazo nimezibadili. Naandika kwamba nasoma ramani, natengeneza modeli kwa kipimo, nakadiria mbao na rangi, na namaliza kwa tarehe isiyosogea. Hilo la mwisho waajiri wengi hulipenda kuliko yote, maana siku ya ufunguzi haimngoji mtu. Na tangu mwanzo nawaambia kwamba nikiitwa ukumbini nitaondoka, na nitatoa taarifa mapema. Wapo walionikatalia kwa sababu hiyo. Waliokubali nimerudi kwao mara tatu, mara nne. Kingine, natafuta kazi ya kufuata nikiwa bado kwenye modeli, kwa sababu wiki ya ufunguzi huna hata nafasi ya kupiga simu.

Historia ya fani yetu imejaa watu wa namna hii. Karl Friedrich Schinkel alikuwa msanifu majengo. Majeshi ya Napoleon yalipoivamia Prussia mwaka 1806 kazi za ujenzi zikakauka, akageukia kuchora panorama, yale mapicha makubwa yanayomzunguka mtazamaji. Mwaka 1816 akabuni mandhari ya Die Zauberflöte, opera ya Mozart, jijini Berlin, yenye kuba la usiku na nyota zilizopangwa safu kwa safu, na mpaka leo wanafunzi wa fani wanaionyeshwa. Majengo yalimrudia baadaye, na Altes Museum, jumba la makumbusho la Berlin, ni kazi yake. Norman Bel Geddes, mbunifu wa jukwaa wa Marekani, alitoka jukwaani akaenda kubuni vitu vya viwandani, na Futurama, modeli kubwa ya miji na barabara iliyoonyeshwa New York mwaka 1939, ilikuwa yake. Hakuna anayesema hao walishindwa na fani zao.

Ombi langu ni kwa waongozaji na watayarishaji. Nimewahi kufutwa kwenye orodha kwa maneno haya tu: "Huyo siku hizi hafanyi jukwaa." Aliyesema hivyo aliwahi kuniona nikipanga maonyesho ya makumbusho. Tafadhali, ukimwona mbunifu yuko karakanani au darasani akifundisha kuchora, mwulize anajifunza nini huko. Mpigie simu kabla ya kulifuta jina lake. Na onyesho likiahirishwa, mlipeni kwa kazi aliyokwisha kukabidhi.

Kijana niliyemtaja aliacha kisu chake cha kukatia mezani kwangu, bado kipo. Kama ataisoma barua hii, naomba aje. Modeli inayofuata ina ngazi tatu na sijaanza kuzikata.

Mbunifu wa mandhari ya jukwaa
(Jina na anwani vimehifadhiwa)