Wito wa Harambee: Kuezeka Upya Chumba cha Mapiko

Ndugu zetu mlioko hapa Newala, Mtwara mjini, Dar es Salaam na kwingineko,

Kwa heshima, na kwa haya kidogo kwa kuwa si mara ya kwanza kuwabishia hodi, kamati ya ngoma ya kijiji inaomba mchango wa kuezeka upya chumba cha kuhifadhia mapiko, yaani vinyago vya Kimakonde vinavyovaliwa kichwani katika ngoma. Masika yaliyopita maji yalipenya kwenye bati lililoliwa na kutu, yakalowesha lipiko kongwe kuliko yote tuliyo nayo: chale za nta zimebanduka, nywele zilizopachikwa utosini zimeota ukungu, na shavu la kushoto limepasuka. Mapiko hayachongwi kwa mpingo kama vinyago vya kuuza. Huchongwa kwa mti mwepesi, ili mchezaji aweze kulivaa kichwani na kucheza huku akichungulia mdomoni mwake, na mti wa namna hiyo hunywa maji upesi na kuliwa na mchwa upesi.

Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikaishia katika makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva, na taifa likakidai mpaka kiliporejeshwa mwaka 2010. Ikiwa nchi nzima ilihangaikia kinyago kimoja kilichoibwa, sisi tutajibu nini kwa haya yanayooza mikononi mwetu?

Wengi wenu mlipotoka jandoni mlichezewa mapiko haya haya, na kila Desemba mnaleta watoto wenu wayaone yakicheza. Matofali ya chumba hiki ni jasho lenu, nasi hatujasahau. Sasa zinahitajika bati 30, mbao za kenchi, misumari na ujira wa fundi, jumla shilingi 1,850,000. Mkononi tuna shilingi 420,000 tu. Minada ya korosho imeanza, na mwenye kuuza hata gunia moja hakosi cha kutoa, Mwenyezi Mungu amzidishie.

Kila mchango utaandikiwa stakabadhi, na mapato na matumizi yatasomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Fedha, bati na ahadi vinapokelewa na mweka hazina wa kamati; mlio mbali tumeni kupitia jamaa zenu walioko kijijini. Fundi ameahidi kupanda juu ya paa mara tu bati zitakapofika, nasi tunataka amalize kabla mvua za Desemba hazijashika.